Kipa Asiyekula Bwaloni

Niliandika gazetini kwamba kipa wa chuo ni mamluki, nami sikuwa nimemwona akidaka hata mpira mmoja. Kijana mwenyewe aliitwa Rajabu. Alikuwa mwanafunzi halali, mwaka wa kwanza, fani ya uchomeleaji. Siku ya nne baada ya habari yangu kutoka, alisimamishwa masomo.

Ninyi mnaoingia chumba cha habari sasa huenda hamkuyakuta mashindano ya vyuo ya wakati ule, kwa hiyo nieleze. Mamluki ni mchezaji wa kuazima. Chuo kinamwona kijana wa mtaani mwenye mguu mzuri, kinampa sare na kitambulisho, anacheza kama mwanafunzi, mashindano yakiisha anarudi kwao. Kila chuo kilikuwa nao, na kila chuo kilikuwa hodari wa kuwatambua wa wenzake. Aliyegundulika alikitoa chuo chake mashindanoni. Kwa hiyo kumwita mtu mamluki hakukuwa utani, na mimi nilikuwa nalijua hilo kuliko wengi.

Nimefanya kazi hii ya kuandika michezo miaka ishirini na minane. Wajukuu na vijana wa jirani wanapenda niwasimulie fainali na safari. Leo nitasimulia mazoezi, maana makosa yangu makubwa hayakutokea kwenye mechi. Mechi ina mwamuzi, ina namba mgongoni, ina watu elfu moja wa kukusuta ukikosea. Mazoezi hayana mwamuzi. Hapo ndipo mwandishi mvivu anapojifunza kuongopa.

Aliyenifundisha kutazama mazoezi ni Bwana Fidelis, mhariri wetu wa michezo, mtu wa Bukoba, mpole, aliyekuwa akitembea na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Siku ya kwanza alinichukua mpaka uwanja wa chuo kimoja cha ufundi upande wa Temeke, akaninyang'anya kalamu yangu ya wino. "Mvua ikinyesha, wino unakimbia," alisema. "Risasi haikimbii." Kisha akaniambia nisiandike kitu kwa nusu saa.

"Nifanye nini sasa?" niliuliza.

"Tazama miguu."

Mazoezini nyuso zinachanganya, vumbi linapanda, wote wamenyoa kipara siku moja. Lakini mtu habadilishi namna anavyokimbia. Mmoja anatupa mguu wa kushoto nje, mwingine anakimbia kama anaogopa kuchafua kiatu. Nikishajua miguu, alisema Fidelis, nimwendee mtunza vifaa nimuulize majina, si kocha. Kocha ana mambo ya kuficha. Mtunza vifaa anataka tu mtu wa kumsikiliza.

La pili lilikuwa la jezi. Wakati ule timu ya chuo ikigawanyika mazoezini, upande mmoja ulivaa jezi na mwingine ukacheza vifua wazi. Aliyevaa jezi ndiye aliyehesabika kikosi cha kwanza. Mashabiki walikuja jioni kwa ajili hiyo tu: nani kavishwa, nani kavuliwa. Nimewahi kuona mchezaji akitoa machozi kwa kuambiwa avue.

Halafu ikaja mitumba. Magunia yalipoanza kufunguliwa masokoni, kila kijana akapata jezi yake ya Ulaya, na mazoezini ukakuta namba kumi watatu upande mmoja. Mimi, kwa kutojua, niliandika kwamba namba kumi wa chuo alifunga, akatoa pasi ya bao, na akaumia kifundo cha mguu, yote ndani ya dakika tano. Walikuwa watu watatu. Fidelis aliikata habari ile akaibandika ukutani, na kwa mwezi mzima wenzangu waliniuliza hali ya mgonjwa. Nilicheka nao. Kosa lile halikumgharimu mtu kitu, na nadhani ndiyo maana halikunifundisha kitu.

Sasa kijiwe. Nje ya uzio wa chuo kile, pembeni ya duka, palikuwa na benchi mbili za mbao chini ya kibanda cha mabati. Muuza kahawa alipita pale kila jioni na birika lake na kashata. Wenye kijiwe walikuwa wengi, lakini waliosema walikuwa watatu. Mzee Kombo, aliyestaafu ukuli bandarini, mzaliwa wa Temeke, ndiye aliyekuwa kama mwenyekiti. Mangi, mwenye duka, kwao Moshi, alicheza drafti ya vizibo vya soda huku akihudumia wateja bila kugeuka. Na Bi Tatu, mpishi wa bwalo la chuo, alipumzika pale kila akitoka kazini, kanga begani, miguu kaivua viatu.

Timu ile ilikuwa yao. Hawakusoma chuoni, watoto wao hawakusoma chuoni, lakini ukisema chuo kimefungwa, wao ndio waliokosa usingizi. Na wiki zile kabla ya mashindano, wakati hakuna mechi na kila mtu bado bingwa, ndizo walizozipenda kuliko zote.

Siku ninayoisema nilifika saa kumi. Mazoezi yalikuwa yameanza upande wa pili wa karakana. Kutoka kijiweni nilisikia filimbi ya kocha, na ilikuwa mwendo wa dakika tatu tu kufika. Nikasema ninywe kikombe kimoja kwanza.

"Mwaka huu namba tatu ni Juma," Mzee Kombo alikuwa akisema. "Jana kavaa jezi mwanzo mpaka mwisho."

"Juma kavaa jezi kwa kuwa ana vipele mgongoni," Mangi akamjibu. "Kocha kamwonea huruma."

"Mangi, nyie mpira mliuchezea migombani. Unajua nini wewe?"

"Ndiyo maana hatupotezi mpira, mzee wangu. Kule ukipaisha, umeangusha mkungu wa baba."

Wakacheka, nami nikacheka. Mangi akanisogezea ubao wa drafti. Nilikuwa sijawahi kumfunga, na siku ile kwa mara ya kwanza kete zangu zilikaa vizuri. Filimbi ikalia tena kule nyuma. Nikajiambia, nitakwenda nikimaliza hii.

Nataka mlijue hilo bila kulipamba. Sikuumwa, sikukosa usafiri, mvua haikunyesha. Nilikuwa naongoza drafti.

"Golini je?" niliuliza, daftari likiwa gotini. "Nani mwaka huu?"

"Golini kuna yule mrefu mpya, Rajabu," alisema Mzee Kombo. "Mikono kama ngazi. Huyo akinyoosha, mpira wa juu haupiti. Mwaka huu tunafika."

Bi Tatu aliinua kichwa. "Mrefu yupi? Yule mweusi wa baiskeli? Mie simjui."

"Humjui vipi, dada, na wewe ndiye unayewapakulia?"

"Ndiyo nakwambia. Nawapakulia wote. Hata wale wanaojipanga mara mbili wakidhani sioni, nawajua kwa majina. Huyo hajanyoosha sahani kwangu hata siku moja. Ikigonga kengele ya chakula, yeye huyo, kashapanda baiskeli."

"Mwanafunzi gani hali bwaloni?" Mzee Kombo aliuliza, na kicheko kikawa kimemtoka usoni.

Mangi hakuinua macho kwenye ubao. "Mie nimemwona Kiwalani, nilikwenda kufuata mzigo. Saa saba ya mchana, kavaa ovaroli ya bluu, anakata kona kule kwenye viwanda."

"Ovaroli," alisema Mzee Kombo. "Hali bwaloni, saa saba yupo viwandani, jioni yupo golini. Sasa huyo anasoma saa ngapi?"

"Hasomi. Mamluki huyo," alisema Mangi. Akainua kete yake, akaruka mara mbili. "Na mie nakula hizi zako mbili, mwandishi. Ulikuwa wapi?"

Benchi zima likacheka, kwa ajili yangu, si kwa ajili ya kipa. Wakati uleule vijana wa karakana walikuwa wakitoka getini, wanapita mbele yetu, labda kumi na tano, wote wamevaa ovaroli za bluu. Ndiyo ilikuwa sare ya chuo. Niliwaona. Nilikuwa nawaona kila siku.

Nilishindwa ile drafti. Nilipoinuka, mazoezi yalikuwa yamekwisha na mtunza vifaa amefunga stoo. Lakini daftari lilikuwa limejaa. Nilikuwa na kikosi kizima, beki mpaka winga, na juu yake nilikuwa na kitu ambacho hakuna gazeti lingine lililokuwa nacho.

Kumbukeni wakati wenyewe. Kwa miaka mingi tulikuwa na magazeti machache, unayajua, unawajua wanaoyaandika. Kisha ruhusa ikatoka, na kila baada ya wiki chache gazeti jipya la mtu binafsi lilitundikwa kwa vibanio pale stendi. Wasomaji walianzia ukurasa wa nyuma. Wahariri waliokuwa wakituuliza "una uhakika?" wakaanza kutuuliza "wenzetu wanayo?" Hata Fidelis. Siyasemi haya kumtwika yeye mzigo. Aliniuliza swali la zamani pia. Aliniuliza, "Umekwenda mazoezini?" Nikamjibu, "Nimetoka huko sasa hivi."

Nikaketi kwenye taipu nikaandika kwamba habari za uhakika zilizolifikia gazeti hili zinasema kipa mpya wa chuo ni mfanyakazi wa kiwanda kimoja huko Kiwalani. Habari za uhakika. Habari hizo zilikuwa mpishi mmoja, mwenye duka mmoja na mzee wa kahawa, nao hawakuwa wamesema wana uhakika. Walikuwa wakizungumza mpira. Siku hizi nikiona kijana kaandika "habari za uhakika" au "inasemekana", humwuliza jambo moja: nani anasema, na yeye alikuwa amesimama wapi? Wengi hunijibu. Wachache hutazama chini, na hao ninawajua, maana ninajijua.

Habari ilitoka na kichwa cha herufi nene, jina la Rajabu likiwa ndani yake. Ilinifurahisha. Nilinunua nakala moja ya ziada.

Chuo pinzani kiliikata, kikaiambatanisha na barua ya rufaa kwa kamati ya mashindano. Mkuu wa chuo cha Temeke alikuwa mgeni kazini, na mwaka uliotangulia chuo jirani kilikuwa kimetolewa kwa mamluki mmoja. Hakutaka kesi. Akaandika barua wizarani kuomba vyeti vya Rajabu vihakikiwe upya, na mpaka majibu yaje, akamsimamisha. Si golini tu, na darasani pia.

Nililipata hilo kwa Bi Tatu. Nilifika kijiweni. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyenisogezea nafasi. Yeye alikuwa amesimama, viatu miguuni.

"Mwandishi, shikamoo sikupi leo ingawa umenizidi umri," alisema. "Yule mtoto ni mwanafunzi. Nimemwuliza karani, jina lake lipo kitabuni. Anakwenda kwao Kiwalani kumlisha mama yake. Mama kapigwa na kiharusi, mkono hauinuki. Anamlisha, anamgeuza, anarudi saa nane kipindi cha karakana. Wenzake wote wanajua. Ungeuliza mmoja tu."

Nilisema, "Lakini Bi Tatu, wewe ndiye uliyesema hali bwaloni."

"Nilisema hali bwaloni. Hali kweli. Umenisikia nikisema si mwanafunzi?"

Mangi alikuwa akipanga sabuni rafuni. Bila kugeuka akasema, "Neno mamluki nilisema mie. Nilisema nikicheza drafti. Kijiweni watu wanasema. Mie ningekuwa nasema gazetini, ningekwenda kwanza kumtazama."

Mzee Kombo alikuwa ametoka uwanjani, ambako kocha alimsimamisha golini beki mmoja mfupi. Timu ile ilitolewa hatua ya awali. Ilifungwa manne, mawili kwa mipira ya juu.

Niliomba gazeti lisahihishe. Fidelis aliniuliza, "Ulikuwa umekwenda mazoezini?" Nikasema hapana. Hakunifukuza. Aliandika marekebisho kwa mkono wake, mistari minne, yakatoka siku tano baadaye chini ya tangazo la cherehani. Habari ya uongo ilikuwa na kichwa cha herufi nene, na kweli ikapata mistari minne. Hiyo ni desturi ya magazeti, na kama mnaweza kuibadilisha, ibadilisheni. Nakala ya marekebisho nilimpelekea mkuu wa chuo. Akasema amefurahi kuipata, lakini sasa suala liko wizarani.

Baada ya hapo nikaenda Kiwalani. Nilitaka kumwomba radhi Rajabu uso kwa uso. Nilijiandaa njia nzima. Niliuliza nyumba ya mama mwenye kiharusi, nikaonyeshwa chumba cha uani, pazia la kanga mlangoni. Nikapiga hodi.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, kaegemea ukuta, mkono wa kulia kaufunika na upande wa kanga. Binti mmoja mtu mzima alikuwa akichambua mchele. Nikaamkia, nikakaribishwa kigoda.

"Rajabu hayupo, mwanangu," mama alisema, maneno yakimtoka kwa upande mmoja wa mdomo, polepole. "Chuo kimefungwa kwa muda. Kaenda na wenzake machimboni huko bara. Dada yake kaja kutoka Lindi kunitazama. Wewe mwalimu wake?"

Nikasema ninamfahamu kwa mambo ya mpira.

Uso wake ukafunguka. Akamwambia binti avute kopo lililokuwa chini ya kitanda. Ndani ya kopo, pamoja na kadi za kliniki, mlikuwa na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Nilikijua kabla hakijakunjuliwa.

"Jirani kaniletea," alisema. "Jina lake nimeliona mwenyewe, pale juu. Nilisoma ngumbaru, mie, nasoma. Ila hizi ndogo macho hayafiki. Rajabu nikimwambia anisomee, ananiambia baadaye mama. Huyu dada yake naye hakusoma. Hebu nisomee, mwanangu, wamemwandika nini?"

Nilikishika kile kipande. Jina langu lilikuwa chini yake. Binti aliacha kuchambua mchele akanitazama asikilize.

Nikasoma. Nilisema kwamba chuo kimepata kipa mpya, kijana mrefu, mtulivu, hodari wa mipira ya juu. Nikasema juzi mazoezini aliruka upande wa kushoto akautoa mpira uliokuwa unaingia, mpaka mashabiki wakasimama. Nikaongeza kwamba kocha anasema kwa kipa huyu chuo kinaweza kufika mbali. Nilipeleka macho kushoto na kulia kama mtu anayefuata mistari.

"Kushoto," mama alisema. "Tangu mdogo, upande wake huo."

Nikakikunja, nikamrudishia. Akanishukuru. Binti akanipa maji ya kunywa, nikanywa. Sikusema mimi ni nani.

Nimelifikiria jambo lile zaidi ya yote niliyoyafanya katika kazi. Huenda mtasema nilifanya huruma. Sioni hivyo. Ningeweza kusema, mama, kimeandikwa uongo na mwandishi ni mimi. Angeumia, lakini angejua kwa nini mwanawe aliacha chuo, na pengine angemtumia salamu za kumrudisha. Badala yake nilimwandika Rajabu mara mbili, mara ya pili kwa mdomo, na mara zote mbili sikuwa nimemwona akicheza. Nilitoka pale nikiwa nimejiokoa mimi.

Baadaye nikawa mtu wa kufika uwanjani kabla ya koni kupangwa. Niliowafundisha waliniona mkali kupita kiasi kwa habari ndogo za mazoezi. Mmoja alinikuta nikimpima kwa saa, muda wa kutoka geti la uwanja mpaka alipoketi kutazama mazoezi, akadhani nimechanganyikiwa. Sikuwaeleza sababu. Nawaeleza ninyi.

Nilirudi Kiwalani mara mbili. Mara ya kwanza wapangaji wa chumba kile walikuwa wengine, na waliposikia jina wakasema mama alihamishiwa kwa ndugu, wapi hawajui. Mara ya pili nyumba yenyewe haikuwepo. Vijana waliotoka machimboni niliwauliza kila nilipowapata. Akina Rajabu walikuwa wengi. Warefu kati yao, hakuna aliyewahi kudaka.

Mwaka huu nilipita chuoni. Sasa kina ghorofa na geti la umeme, na ofisi ya masajala inaongozwa na binti wa umri wa wajukuu zangu. Akaniamkia, nikamweleza nilichokuwa nakitafuta, naye hakuchoka. Alitoka stoo na jalada la karatasi ngumu lililoliwa kona na mchwa. Ndani kulikuwa na fomu ya kujiunga, picha ndogo ya kijana mwenye shingo ndefu, nakala ya cheti, barua ya mkuu wa chuo kwenda wizarani, na kipande changu cha gazeti, kimebandikwa kwa gundi. Marekebisho ya mistari minne hayakuwemo. Jibu la wizara nalo halikuwemo.

"Babu, huyu mpaka leo hatujamfuta," alisema binti, akigeuza karatasi ya mwisho. "Hajaacha chuo, wala hajafukuzwa. Imeandikwa amesimamishwa hadi uhakiki ukamilike." Akaangalia nyuma ya karatasi, ilikuwa tupu. "Haijaandikwa kama ulikamilika."